Miiba Niliyoweka Njiani

Mwaka ule tulikula maboga. Mvua ilinyesha ikakatika, mahindi yakakauka yakiwa usawa wa goti, maharage yakatoa maua na maua yakadondoka. Maboga peke yake ndiyo yalishika. Asubuhi boga la kuchemsha na maziwa mgando, mchana majani ya maboga na ugali mdogo kama ngumi ya mtoto, jioni boga tena. Mbegu tulikaanga, tukatafuna njiani tukienda kuchota maji. Mpaka leo hapa kwetu Gitting mtu akitaka kusema jambo fulani lilitokea lini, hatafuti kalenda. Anasema ilikuwa mwaka wa maboga, na sote tunajua.

Ndio mwaka ambao mjukuu wangu alikwenda vitani.

Huyo mjukuu nilimlea mimi. Mama yake alifariki mtoto akiwa hajaota meno, na baba yake, ambaye ni mwanangu wa kwanza, ni mwalimu, leo anapangiwa shule hii, kesho ile. Akaniletea mtoto amefungwa kwenye kitenge. Nikamlisha uji wa mtama, nikamlisha maziwa, akakua mpaka akawa mrefu kuliko mlango wa nyumba yangu. Akiingia anainama. Nilipenda kumwona akiinama. Alipochukuliwa jeshini, Jumapili nilikuwa natembea polepole kwenda kanisani, makusudi, ili watu wanifikie na waniulize habari zake. Nilikuwa na fahari na bado ninayo. Hilo sitalificha.

Alikuja kuaga mchana, jua kali, amevaa kombati.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kula au umekuja kuaga?"

"Vyote."

Nikamwekea boga. Akalitazama kama mtu anayetazama jirani asiyempenda.

"Mnakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nchi jirani, bibi. Siyo mbali. Tunakwenda kulinda amani."

"Amani ya nani?"

"Ya wenyewe wa huko."

"Na wenyewe wanafanya nini mpaka mwende ninyi?"

Akacheka na boga mdomoni. "Bibi, wewe ulifaa uwe waziri."

"Kula."

Akala. Akasema akirudi hataki kuona boga mbele ya macho yake. Nikamwambia akirudi nitampikia makande ya mahindi mabichi, yale ya kwetu, yenye maziwa juu. Akainama, akatoka.

Kabla hajavuka mpaka, tulisikia habari yao kwenye redio. Tulikuwa mashineni, kule tunakosaga unga. Mahindi ya msaada yalikuwa yamegawiwa siku hiyo na foleni ilikuwa ndefu. Mwenye mashine ndiye kiongozi wa upinzani hapa kijijini. Mwenyekiti wa kijiji ni wa chama kinachotawala, na alikuwa pale kusimamia mgawo. Nieleze kidogo kuhusu wale watu wawili. Mwenyekiti aliapa unga wake hautapita kwenye mashine ya mpinzani, kwa hiyo mke wake alikuwa anabeba mahindi mpaka mjini Katesh kwenda kusaga, mama wa watu, mgongo umepinda. Mwenye mashine naye aliapa hatakunywa maji ya bomba lililozinduliwa na mwenyekiti, akawa anatuma watoto kwenye chemchemi. Zahanati yetu ilianza kujengwa, wakagombana ikae juu karibu na kanisa au chini karibu na birika la ng'ombe. Msingi ukaota majani. Mbuzi wakapata pa kulala. Wajawazito wetu wakaendelea kushushwa mlimani kwa pikipiki.

Basi redio ikasema. Waziri alikuwa anawaeleza wabunge kwamba vijana wetu wamejiandaa, wanakwenda nchi jirani, wataliletea taifa heshima. Wabunge wakapiga meza. Wa chama tawala wakapiga, wapinzani wakapiga, redio ikavuma kama mvua ya mawe kwenye bati. Pale mashineni palikuwa na meza ya mbao, ndipo mizani ilipokaa. Mwenye mashine akaipiga kwa kiganja. Mwenyekiti akasogea, naye akaipiga. Mwanangu, mwalimu, alikuwa likizo, amenisindikiza. Akaipiga kwa viganja vyote viwili mpaka mizani ikaruka. Mimi nilikuwa nimeshika gunia.

Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Hawa leo wamekubaliana? Kuna nani amekufa?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Mwenyekiti akasema, "Mama, mambo ya ndani tutagombana. Mambo ya nje sisi ni wamoja."

"Kwenye taifa hakuna chama," akaitikia mwenye mashine. Wakapeana mikono, unga ukabaki kwenye mkono wa mwenyekiti.

Nikauliza, "Na zahanati?"

"Hiyo ni ya ndani, bibi," wakasema wote wawili.

Njiani kurudi mwanangu alikuwa na furaha. Yeye anaiamini nchi hii kama wengine wanavyoamini mvua ya masika. Alibeba gunia begani huku anaongea.

"Mama, ulipozaliwa kule Masieda kulikuwa na nini?"

"Kulikuwa na mama yangu."

"Namaanisha maendeleo. Kulikuwa na umeme? Bomba? Sekondari?"

"Hakukuwa na kitu."

"Umeona sasa. Nchi inapanda. Polepole, lakini inapanda, haishuki. Leo tumefika mahali tunaweza kuwasaidia majirani zetu. Zamani sisi ndio tulikuwa wa kusaidiwa."

"Na haya mahindi uliyobeba ni ya nani?"

"Hayo ni ya mwaka mmoja tu, mama."

Siwezi kusema alidanganya. Taa ninayo, nikibonyeza inawaka. Bomba liko kwenye kona ya shamba. Goti langu lilipasuliwa hospitali na sasa napanda mlima. Yote aliyosema yatakuja yalikuja, mengine yamechelewa, lakini yalikuja. Mwanangu sijawahi kumkuta na uongo. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mwongo.

Mjukuu wangu alikuwa anapiga simu Jumapili baada ya ibada. Mtandao unashika pale juu ya jiwe lililo nyuma ya zizi, basi nilikuwa nasimama juu ya jiwe kama kuku.

"Bibi, huku ni milima kama kwetu. Ukungu, baridi. Wanalima maharage. Na wana maboga."

"Umekimbia boga, boga limekufuata."

Akacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Akasema wenye mashamba hawapo, wamekimbia, maboga yanaozea shambani na magari ya jeshi lao yanapita juu yake kwa sababu njia ni nyembamba.

"Sasa kama wenyewe hawapo mnamlinda nani?"

Nikasikia upepo wa kule. Kisha akasema, "Bibi, vocha inaisha." Ikaisha. Hatukuongea tena.

Habari ililetwa na mwanangu. Alikuja na pikipiki mchana, akashuka, akavua kofia, akaiweka chini kwa uangalifu kama imejaa mayai. Mimi nilikuwa nakata boga. Nilimtazama nikajua, akasema, nikaendelea kukata. Nikamaliza lile boga lote. Baadaye watu walisema nilipata mshtuko. Sijui. Boga lilishakatwa, lingeharibika.

Waliniletea jeneza lenye bendera. Wanajeshi walipiga risasi juu, mbuzi wa kijiji kizima wakatawanyika, jioni nzima watoto waliwatafuta. Mwenyekiti na mwenye mashine walibeba jeneza bega kwa bega, mmoja mrefu mmoja mfupi, likawa limeinama upande mmoja. Mwenyekiti alisema damu ya kijana huyu imeiheshimisha nchi. Mwenye mashine alisema hivyo hivyo, kwa sauti kubwa zaidi. Mwanangu alisema nchi haitamsahau mtoto wake. Sikulia. Niliangalia buti za wanajeshi, zilikuwa safi kabisa, nikawa nawaza wamepitaje kwenye vumbi lile. Siku ile nzima niliwaza buti tu.

Kwetu sisi, tangu kwa bibi yangu kule Masieda, nyumba ikifikwa na kifo cha namna ile, cha kijana, cha damu, inakaa kando. Unakata matawi ya miiba unaziba njia ya kuingia kwako. Huendi kuomba moto kwa jirani wala jirani hachukui moto kwako. Hupeani mkono na mtu. Ng'ombe wako wanakunywa wa mwisho. Na kubwa kuliko yote, hupikii watu. Chakula cha jiko lako unakila mwenyewe. Mpaka wazee waje na kondoo na asali, wakunyunyizie, waondoe miiba, ndipo unapika na watu wanakula. Wakishakula, kifo kile kimekwisha. Hakizungumzwi tena. Ni kwa ajili ya kuwalinda majirani, ile mikosi isiwafuate.

Siku hizi wengi hawafanyi. Mimi nilifanya. Nilikata miiba mwenyewe, nikaiburuta. Katekista alikuja akasema, "Mama, haya ni mambo ya zamani." Nikamwambia, "Basi vuka." Hakuvuka. Akawa ananisalisha akiwa upande wake, anapiga ishara ya msalaba huku akiangalia chini asikanyage tawi. Mwanangu alikataa kukaa kando. Alisema ana wanafunzi, ana mitihani, hawezi kufungwa na miiba. Akabaki kwenye nyumba ya shule, anakuja kunisalimia kutoka njiani.

Nikakaa. Sikuwa na uchungu, nisidanganye. Nilikuwa kama mguu uliolaliwa ukafa ganzi. Nalima, nakamua, nalala. Mahindi yalipandwa tena, mvua ikaja vizuri safari ile, kila mtu akasema mwaka huu tutakula. Mimi niliona mahindi yanakua, nikaona ni mahindi.

Kuna mama mmoja wa wafugaji wa kule chini, Getanuwas. Tumebadilishana vitu miaka mingi, yeye maziwa mimi mahindi. Alikuja na kibuyu chake, akaona miiba, akasimama bila kuambiwa. Akaweka maziwa chini, akarudi nyuma, nikaenda nikachukua. Akanitazama vile wanavyotazama ng'ombe wa kununua.

"Umekaa kando kwa ajili ya nani?" akauliza.

"Ya mjukuu. Aliuawa vitani."

"Wewe ndiye uliyempeleka?"

"Hapana."

"Kwetu aliyemwaga damu ndiye anayekaa nje mpaka asafishwe. Kwenu anakaa aliyefiwa?"

"Ndivyo tulivyozoea."

"Haya," akasema. Akachukua kibuyu kitupu nilichomrudishia, akaenda zake. Hakuona kwamba amesema kitu.

Mimi nilikaa na lile neno. Niliamka nalo, nikakamua nalo. Nikaenda kuitazama miiba yangu. Ilikuwa imekauka, imekuwa myeupe. Nikakata mingine mibichi, nikaongeza.

Mahindi yalipoanza kuiva, zahanati ikaisha. Ile iliyoota majani. Yule mjukuu wangu alipokufa, wale wawili walipata kitu cha kukubaliana nacho hapa ndani pia: zahanati itaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kuipinga tena, ikajengwa haraka, karibu na kanisa. Ina bati la buluu. Ikasemwa mkubwa fulani atakuja kuizindua, na watu wa vijiji vyote watakula.

Wakaja kwangu wote wawili. Kondoo mweusi, chupa ya asali. Mwenye mashine ndiye aliyekuwa anamvuta kondoo, mwenyekiti anamsukuma, kondoo hataki. Walisimama kwenye miiba.

"Shikamoo bibi," wakasema.

"Marahaba. Naona kondoo anawashinda."

"Huyu ni wa upinzani," akasema mwenyekiti. Mwenye mashine akasema, "Angekuwa wa upinzani angeshafika." Wakacheka, kisha wakakumbuka wako wapi wakaacha.

Mwenyekiti akajikohoza. "Bibi, umekaa kando vya kutosha. Tumekuja kukutoa. Wazee tumeongea nao, wamekubali. Tunakunyunyizia, tunaondoa hii miiba, urudi kwa watu."

"Halafu?"

"Halafu, tunakuomba, upike. Siku ya uzinduzi. Tangu nikiwa kijana hakuna mkutano mkubwa hapa ambao hukushika mwiko wewe. Mgeni atakula chakula cha mkono wa bibi wa shujaa."

"Chama chochote kikiita mkutano, wewe ndiye ulikuwa unapika," akaongeza mwenye mashine. "Umetulisha sote."

Ni kweli. Sufuria kubwa za kijiji ziko kwangu. Nimepikia arusi, misiba, mikutano ya huyu na mikutano ya yule, na hakuna aliyewahi kuinuka akasema chumvi haitoshi.

Nikawaambia, "Mmekosea kitu."

"Kitu gani, bibi? Kondoo siyo? Tutabadilisha."

"Kondoo ni mzuri. Mmekosea njia. Mnadhani mimi ndiye niliyekaa kando. Mimi niko kwangu. Ninyi ndio mko nje. Hii miiba ni yenu. Yeye hakujipeleka, na mimi sikumpeleka. Mlipiga meza, akaenda. Huyo kondoo chinjeni mjinyunyizie wenyewe, kuanzia kwenye vile viganja."

Mwenyekiti akaangalia viganja vyake. Sidhani alikusudia.

Mwenye mashine akasema taratibu, "Bibi, ile ilikuwa redio tu. Sisi kupiga ile meza hakukubadilisha chochote."

"Basi kwa nini mlipiga?"

Kondoo akaanza kula jani la muhindi wangu uliochungulia kwenye uzio.

"Wageni watakula nini?" akauliza mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye shida kweli.

"Mimi sipiki. Wapike waliopiga meza."

Wakaondoka, wanamvuta na kumsukuma. Asali waliisahau pale chini. Ikakaa, ikavuja, sisimizi wakaimaliza.

Jioni yake, jua likiwa bado liko juu ya mlima, akaja mwanangu. Nilijua watamtuma. Nilikuwa nimeweka sufuria ndogo jikoni, makande ya mahindi mabichi, ya kwanza mwaka ule, harufu inatoka mpaka njiani. Akakaa kwenye jiwe upande wa pili wa miiba. Amekonda. Nywele zake zimeingia mvi kunizidi mimi.

"Mama, sikuja kubishana."

"Karibu."

"Zahanati ile ni ya kweli. Siyo hotuba. Kuna vitanda, kuna nesi. Mtoto atakayezaliwa pale hatazaliwa juu ya pikipiki. Hilo siyo kitu?"

"Ni kitu. Nikiumwa nitakwenda pale pale nitibiwe."

"Na jina lake litasomwa na kila anayeingia."

"Litasomwa."

"Sasa kwa nini usiwe na furaha hata kidogo? Nchi imekosea mahali pamoja, sawa, nakubali. Nimelala nikiwaza, nakubali. Lakini mama, kwa kosa moja huwezi kuiacha njia nzima. Ndiyo hii hii imeleta bomba. Ndiyo hii hii imeleta taa."

"Ndiyo hii hii," nikasema.

Alielewa nilichokubali na alichokuwa amekisema yeye mwenyewe: iliyoleta bomba ndiyo iliyomchukua mtoto. Akaokota mwiba akawa anauvunja vipande.

"Mkienda mashineni kesho," nikamuuliza, "redio ikasema wengine wanakwenda, watapiga meza au hawatapiga?"

"Watapiga," akasema.

"Pande zote?"

"Pande zote."

Chini kule walikuwa wanajaribu spika za uzinduzi. Mtu anahesabu, anapuliza, anahesabu tena. Mwanangu akasikiliza mpaka ikaacha. Kisha akanusa.

"Ni makande?"

"Ni makande."

"Sitaongea tena habari ya zahanati. Sijala tangu asubuhi. Niwekee kidogo tu, nile hapa hapa nje, halafu niende."

Nilimtazama. Ni mtoto wangu, nimemzaa mimi, nimemwona ana njaa mara nyingi na kila mara nilimpa. Lakini akila, kimekwisha. Chakula cha jiko langu kikiingia mdomoni mwa mmoja wao, kifo kile kimelipwa kwa bati la buluu, na mimi ndiye nitakuwa nimepokea. Niliona viganja vyake viwili vikishuka juu ya ile meza na mizani ikiruka. Sikuwa na hasira. Ningekuwa na hasira labda ningempa.

"Mama," akasema, "mimi ni baba yake."

"Najua."

"Basi nipikie kama baba yake."

Sufuria ilikuwa inachemka nyuma yangu, nikageuka nikapunguza kuni. Nikarudi kwenye miiba. Nikamwambia kama nilivyowaambia wale wawili, sikubadilisha neno.

"Mimi sipiki. Wapike waliopiga meza."